Msiba wa Gunzi la Filta

Nina mchana mmoja wa masika ambao kila nikiukumbuka mori unanipanda, mwanangu, na leo nitakusimulia nikiwa na hasira, kwa hiyo usinikatize. Hasira yenyewe ni ya juzi. Nilipita kwenye kioski cha maji hapa mtaani, kile kilichoandikwa "safi na salama" kwa rangi ya bluu, nikamkuta kijana amekalia ndoo, anasugua katriji ya filta kwa brashi ya kufulia. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Naifanyia sevisi, babu." Sevisi! Nikamuuliza kama na karatasi ya chooni huwa anaifua akaianika ili aitumie tena. Alicheka. Mimi sikucheka, maana hayo nimeyaona kabla mama yake hajavunja ungo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tuliamka tukakuta maduka yamejaa sabuni za kila harufu, na kila mwenye kibanda akaitwa mkurugenzi. Mjomba wangu Shaabani alikuwa na hoteli ya chakula karibu na stesheni, hapa Morogoro. Alileta filta kutoka Dar, makopo matatu meupe makubwa, akayapigilia ukutani yakitazamana na wateja kama picha za wakwe. Ndani ya kila kopo kulikuwa na katriji. Ile ya kwanza ilikuwa ya uzi mweupe uliosokotwa, umbo lake kama gunzi la hindi, basi sisi wote tukawa tunasema gunzi. La pili uzi wake ulibana zaidi. La tatu lilikuwa la mkaa. Maji ya bomba yanapita humo, yanatoka kwenye kikoki cha kung'aa, na bilauri moja inauzwa ghali kuliko chai. Watu walilipa. Ilikuwa fahari kunywa maji ya mashine.

Mimi nilikuwa mnunuzi wake. Nilikwenda Kariakoo kupatana na watu ambao wangeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe. Kila nilichonunua nilikihesabu mara mbili, mara ya kwanza mbele ya muuzaji, mara ya pili nikishampa kisogo. Kwa hiyo nilijua magunzi ya akiba yalikwisha lini. Nilimwambia mjomba. Akaniambia niache uoga.

Hapo lazima nikueleze ugonjwa wetu sisi watu wa hapa. Tunaamini maji yakishatoka milimani Uluguru basi malaika wameyaogesha. Kiangazi utaona kweli yanang'aa. Lakini masika, kila shamba lililolimwa kule juu linateremka na mto, na bomba linatema rangi ya chai ya maziwa. Gunzi lililokaa kiangazi kizima bila taabu, masika linashiba udongo upesi mno. Linavimba, linateleza kama konokono, na maji yanaanza kutoka kwa kudondoka.

Mjomba alitafuta dawa yake. Aliloweka magunzi kwenye dawa ya kung'arishia shuka, akayaanika kwenye kamba uani, katikati ya makanzu yake. Yalitoka meupe pe! Kwa mjomba kitu kikiwa cheupe ni kizima. Lakini uchafu ulikuwa umekwishaingia katikati ya uzi, huko ambako jua halifiki, na maji yaliendelea kudondoka. Wateja wakaanza kugonga bilauri mezani. Ndipo siku moja nikamkuta amelishika gunzi mapajani, anachomeka spoki ya baiskeli na kulitoboa huku na huku, kama mtu anayetunga mshikaki.

"Mjomba, hilo sasa halichuji."

"Fungua koki uone."

Nilifungua. Maji yalitoka kwa nguvu kama siku ya kwanza. Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyevumbua moto. Na mimi niliona wazi kwamba maji yanapita kwenye yale matundu bila kuguswa na uzi wowote, kama abiria anayepita mlango wa nyuma bila tiketi.

Haikupita muda matumbo yakaanza. Kwanza fundi cherehani wa jirani, halafu makarani wawili, halafu vijana wa gereji, ambao huwa wanakula chochote na hawaumwi. Fundi cherehani alilazwa. Watu walikuja juu, wakataka kujua wamelishwa nini. Na mjomba, mwanangu, mjomba wangu mwenyewe, alinyoosha kidole jikoni.

"Ni mikono ya Mwanaidi," alisema. "Nimemwonya mara nyingi. Mwisho wa wiki anaondoka."

Mwanaidi alikuwa mpishi wetu, mjane, ana watoto wawili anaowasomesha kwa moshi wa kuni. Sijapata kuona mtu anayenawa mikono kama yule mama; alikuwa akinawa hata kabla ya kushika pesa. Asubuhi kabla ya kuja kazini aliuza vitumbua mlangoni kwake, na harusi za mtaani zilimwita yeye apike pilau. Mpishi hana kitu kingine ila jina. Siku ya pili vitumbua vililala. Siku ya tatu wenye harusi ya Kilakala, waliokwishampa neno, wakatuma mtoto kusema wamepata mpishi mwingine. Nilimkuta uani anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

Nilikwenda kwa mjomba. "Mjomba, kosa si la Mwanaidi. Ni lile gunzi."

"Umekuwa daktari?"

"Tulibadilishe tu, tuone."

"Nenda kanunue vitunguu."

Nikaenda kununua vitunguu. Usinitazame hivyo. Wewe umelelewa zama hizi ambapo mtoto anamjibu babake kwa simu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye mwenye kauli, baba anaulizwa tu kwa heshima. Kumwumbua mjomba mbele ya watu ni sawa na kujikata jina. Mjomba alilijua hilo, na alilitumia kama ngao.

Lakini kuna mtu mmoja duniani ambaye Mluguru hawezi kumkasirikia, naye ni mtani. Nilikwenda kwa Mzee Masanja, Mnyamwezi aliyestaafu reli, mtani wetu wa tangu enzi. Msibani kwetu yeye ndiye aliyekuwa anaigiza mwendo wa marehemu na kukalia jeneza mpaka apewe chake, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Nilimkuta anatengeneza redio. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote, nikamwomba aje.

Hakuinua macho. "Kwa hiyo umekuja kuazima mdomo wangu. Wako una kazi gani? Kutafunia maandazi?"

"Atanifukuza, mzee."

"Na Mwanaidi anafanywa nini? Anapandishwa cheo?"

Nikaokota skrubu iliyoanguka chini, nikamwekea karibu na redio.

"Nyinyi Waluguru," alisema, "mna milima mirefu ili mpate pa kujificha." Akaweka bisibisi chini. Sasa hakuwa na utani tena. "Unajua kilicho ndani ya lile kopo. Mwanamke anabeba kosa unalolijua, wewe unabeba vitunguu. Sikiliza. Kesho nitakuja saa ya chakula. Nitasema yote. Lakini kopo utalifungua wewe, kwa mkono wako, watu wakiona. Usipofungua, nitawaambia mtani wangu ni mtoto wa kuku, na nitaondoka."

Nilirudi nyumbani nikilifungua lile kopo kichwani, mara mbili, kama nilivyozoea kuhesabu mali Kariakoo.

Kesho yake hoteli ilijaa. Mzee Masanja aliingia amejitanda shuka nyeupe begani, mikono kichwani, analia kwa sauti ya kuitikisa stesheni.

"Uuuwi! Jamani mbona hamkunipa taarifa! Nasikia mmefiwa!"

Watu waligeuka. Mjomba alitoka kaunta akicheka cheko la kulazimisha. "Mtani, karibu. Nani kafa tena?"

"Unaniuliza mimi? Maiti umeitundika ukutani, watu wanaikamulia kwenye bilauri!" Akanigeukia. "Kijana, mteremshe marehemu."

Mjomba alinitazama. Yale macho bado nayaona. Nikafunga koki, nikabonyeza kitufe cha kutoa presha, nikachukua spana ya plastiki, nikazungusha kopo la kwanza. Lilikuwa zito. Lilipoachia, harufu ilifika mezani kabla yangu, harufu ya mtaro uliosimama. Mzee Masanja alitwaa sinia la pilau, akalitandikia shuka yake, akanionyesha nimlaze. Gunzi lilikuwa na rangi ya kahawia, lina ute, na ubavuni matundu ya spoki yalionekana hata kwa aliyeketi mlangoni.

"Haya, jamaa wa karibu wapite kumuaga," alisema mzee. "Makarani mtangulie, nyinyi mmemnywa sana."

Wengine walicheka. Karani mmoja alipita, akainama, akatoka mbio mpaka barabarani. Baada ya hapo hakucheka mtu.

Mzee alikaa chini kando ya sinia, akakunja miguu. "Simwachii. Maiti haizikwi mpaka wafiwa waseme kilichomwua."

"Mtani, tutayamaliza nyumbani," alisema mjomba.

"Nyumbani hakuna aliyeharisha."

Mjomba alifuta jasho kwa kofia yake. Aliangalia mlango, ulikuwa umejaa watu. Aliniangalia mimi, nami, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, sikuinamisha macho.

"Spoki," alisema.

"Sema kwa sauti, wa nyuma hawasikii."

"Nilimtoboa mimi! Kwa spoki! Haya, umefurahi?"

"Na Mwanaidi?"

"Mwanaidi hajayagusa makopo hayo hata siku moja."

Mwanaidi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi. Tulidhani atalia. Aliuweka mwiko chini, akaja katikati ya meza, akanyoosha mikono yake miwili, viganja juu, akaipitisha mbele ya nyuso za wateja mmoja baada ya mwingine.

"Iangalieni vizuri," alisema. "Si ndiyo hii mliyoisema mtaani? Mmekula kwangu tangu hoteli hii haina bati. Siku mliyoumwa, hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya maji. Wote mlijua ni mimi. Mlijuaje?"

Mimi nilikuwa mmoja wa wasiojibu, ingawa nilikuwa na cha kujibu.

Kijana wa gereji alisema, "Tusamehe, mama. Usituache."

"Kubaki nitabaki," alisema, "maana watoto wangu hawali hasira. Lakini kuanzia leo makopo haya nayafungua mimi, saa ya chakula, mbele ya anayekula. Na gunzi likichoka linavunjwa hapa hapa, kila mtu aone." Akaitwaa spana mkononi mwangu, akaichomeka kwenye mkanda wa kanga yake, akarudi jikoni. Wenye harusi ya Kilakala walikuja wenyewe jioni, bila kutuma mtoto. Aliwapandishia bei, na nilimsifu sana.

Mimi je? Mjomba alinifukuza kabla jua halijazama. "Masanja ni mtani," aliniambia, "nimemsamehe alipomaliza kusema. Wewe ni damu yangu." Tulikaa muda mrefu bila kupeana mkono. Sijuti hata kidogo. Ila tofauti ya kufukuzwa na kufukuzwa ipo, na yangu niliondoka nayo kichwa kikiwa juu.

Sasa wewe mwenye kioski, mwenye hoteli, mwenye mashine inayowaka taa za kijani, nisikie. Katriji haifuliwi. Imetengenezwa ishibe ife, na ikifa unaizika unaweka nyingine. Maji yakianza kutoka kinyonge, inakuambia imeshiba. Na yakitoka kwa nguvu ghafla bila wewe kufanya lolote, usishangilie, yamepata njia ya mkato. Ile ya mkaa ni hatari zaidi kwa sababu kufa kwake hakuonekani kwa macho, kwa hiyo andika kwenye kopo siku uliyoiweka, kwa wino usiofutika, na ufuate walivyosema waliotengeneza. Masika uziwahi zile za uzi hata kabla ya siku walizosema. Ukibadilisha, osha na kopo lenyewe kwa sabuni, utazame ule mpira wa duara kama haujapasuka, halafu maji ya kwanza yamwage. Yamwage, nimesema! Najua yanakuuma. Kama bei ya katriji inakushinda, uza karanga. Karanga hazina filta.

Na hili ndilo kubwa. Ukiona kosa lako linapakwa mtu asiye na wa kumsemea, au ukajua la mwingine linapakwa hivyo, usiende kununua vitunguu. Simama, fungua kopo, watu waone. Usingoje mtani, siku hizi watani wamebaki wachache, na wengi wao nao wana vioski.

Nimemaliza, na hasira bado ninayo, lakini dua siinyimi. Mwenyezi Mungu akupe riziki usiyoiogopa kuifunua mchana. Akupe wateja wanaorudi kwa miguu yao wenyewe, na msafiri atakayekunywa kwako leo, ambaye hutamwona tena maishani, afike kwao salama na alale usingizi wake wote. Amina, mwanangu.