Haradali Aliyoipenda Mama

Juzi nilikuwa Kista, huku Uswidi, ndani ya duka moja kubwa, nimesimama mbele ya rafu za Krismasi kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Unazijua rafu hizo: matango ya siki, bitiruti, kabichi nyekundu, haradali tamu, haradali kali, haradali yenye mbegu zinazopasuka mdomoni. Kila mtu alikuwa akichagua cha kulia paja lake la nguruwe, na walichagua haraka, maana mtu huchagua kile alichokikuta kwao. Kijana wa duka akaniuliza kwa Kiswidi kama nahitaji msaada. Nikamwambia hapana, natazama tu. Uongo mtupu. Nilikuwa nimesharudi Hallonbergen, mtaa niliokulia, nina miaka tisa, na mama yangu hasikii ladha ya kitu chochote.

Ngoja nikueleze tulivyokuwa tukila Krismasi kabla ya hapo. Baba alisafisha ofisi, na kila Desemba mkubwa wake aliwagawia wafanyakazi mapaja ya nguruwe yaliyotiwa chumvi, ndiyo desturi ya huku. Baba alilipakata lile paja kwenye treni kama mtoto mchanga, na akifika mlangoni alipaza sauti: "Jambon imefika!" Mama alilichemsha taratibu na karafuu na pilipili manga mpaka madirisha ya jikoni yakawa hayaoneshi nje. Kisha alilisugua kitunguu saumu na kuliingiza kwenye oveni. Waswidi hupaka haradali. Sisi tulikuwa na kitu bora kuliko haradali, nacho ni achari ya mama jirani.

Mama jirani alikuwa mtu wa Mombasa, Mwislamu, anakaa ghorofa moja juu yetu. Achari yake ya ndimu ilikaa dirishani kwake kiangazi kizima ikinywa jua, na ilikuwa kali, chungu kidogo, chumvi tele, ukiionja unafumba jicho moja bila kupenda. Krismasi ikikaribia alituletea bakuli la kioo lenye kifuniko. "Ya sikukuu yenu," alisema. Hakuuliza tunailia nini, na mama hakumwambia. Wale wawili waligawana zamu za chumba cha kufulia, watoto na umbea wote wa jengo, lakini nyama ile haikutajwa kamwe. Mama alikuwa na utaratibu wake. Achari ikifika tu aliihamishia kwenye chombo chetu, bakuli likaoshwa mbali na sufuria za nyama, likawekwa juu ya kabati peke yake. Na kwa kuwa chombo cha watu hakirudi kitupu, lilipanda ghorofani na machungwa au sukari ndani. Nilidhani kila jengo duniani lina majirani wa namna hiyo.

Mwaka ule mama aliugua. Ugonjwa wenyewe sitakusimulia. Inatosha ujue kwamba dawa za hospitali zilimmaliza nywele, kisha zikamwondolea ladha. Wali aliuita karatasi, samaki akamwita sabuni. Alikonda mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni. Kitu kimoja tu kilipita kooni kwa hiari yake, nacho ni chakula chochote kilichopakwa achari ya ndimu. "Hii minaisikia," alisema, na baba, aliyekuwa akimhesabia kila tonge kwa macho, akashusha pumzi. Mama jirani alipoambiwa alileta bakuli jingine, na jingine tena. Nisikufiche, mwanamke yule ndiye aliyekuwa akimlisha mama yangu.

Ndipo akaja koko, yaani bibi yangu mzaa mama, kutoka kwetu Bukavu, Kongo, ili amuuguze mwanawe. Alikuwa mtu wa adabu kali, asiyejua kukaa bure. Hata wiki mbili hazijapita, paja la nguruwe likafika. Mama alikuwa amelazwa, baba yuko kazini, mimi niko shule. Koko akaliona bakuli la jirani juu ya kabati, limeoshwa, tupu, na moyo ukamuuma: mtu anamlisha mwanangu, nasi tunalala na chombo chake! Akakata kipande cha katikati, kile cha heshima kisicho na mafuta, akakichemsha, akakikata vipande vyembamba, akavipanga bakulini. Akapanda ngazi mwenyewe.

Jioni alitusimulia kwa furaha.

"Ule mama iko na heshima sana," alisema. "Vile alifungua, alinyamaza kabisa. Machozi ikamulenga. Akasema, si neno bibi, si neno."

Baba alikuwa anavua viatu. Akasimama na kiatu kimoja mguuni. "Mama, ulimupelekea nini?"

"Jambon. Ya katikati."

Usimlaumu koko. Waislamu aliwajua tangu Bukavu. Huyu alikuwa amemwona mara moja tu, ndani ya lifti, amejifunga kichwa na shingo, na siku hiyo baridi ilikuwa imemfunga kila mtu kichwa na shingo, hata Waswidi. Kila aliporudi kutoka hospitali kwa mama, jina lililobaki masikioni mwake ni "jirani", na kwa jirani aliyekutendea wema unatoa kipande kizuri kuliko vyote. Alifanya kile alichofundishwa na mama yake.

Baba alipanda kuomba radhi. Mume wa mama jirani alimfungulia, akampa mkono, akasema wameelewa, haikuwa kusudi, yamekwisha. Labda yalikuwa yamekwisha kweli. Lakini achari haikushuka tena, na kabla ya wiki kuisha walihamia mtaa wa Fittja, karibu na msikiti. Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba safari hiyo waliipanga tangu kiangazi. Sijui. Siku ile tuliyosikia mabegi yakigonga ngazi, koko alikaa chini sakafuni akajifunika kanga usoni.

Mama aliporuhusiwa kutoka hospitali, neno lake la kwanza mezani lilikuwa achari iko wapi. Akaelezwa. Alicheka kwanza, alicheka mpaka akakohoa, kisha akageukia ukutani. Koko alitaka apelekwe Fittja akapige magoti. "Uache mama wa watu," mama akasema. Na baba alipoulizwa kwa nini yeye asiende kuomba achari, alijibu kwa sauti ndogo, "Nitamufikia na uso gani?" Maji yalikuwa yamemwagika. Nilikasirika wakati ule na bado nimekasirika, wala sijui nimkasirikie nani.

Basi baba akaanza kununua. Kila alipotoka kazini alirudi na chupa: achari za Wahindi za ndimu na za embe, pilipili ya kusaga ya Wakongo, matango, bitiruti, figili kali ya kukuna, vitu ambavyo hata majina yake hatukuyajua. Jioni ya kuamkia Krismasi alizipanga zote mezani. Mama aliketi na blanketi mabegani, macho ameyafumba, ndivyo alivyoonja siku hizo, kana kwamba giza litamsaidia. Baba anapaka kipande cha nyama, koko anamtia mama mdomoni, sisi tunasubiri.

"Haiko na kitu."

Nyingine. "Hapana, papa."

Meza ilinuka siki mpaka macho yakaniwasha. Koko akachoka. "Mgonjwa haulizwi uji," akasema, "umupatie tu, akule." Baba, ambaye hajawahi kumwinulia mkwewe sauti, akagonga meza. "Ataulizwa!"

Ikabaki chupa moja, haradali ya Kiswidi ya bei rahisi, tamu, ile ya watoto. Kifuniko kikagoma. Baba akaenda kwenye sinki, akatugeuzia mgongo, akawa anapigana nacho kwa kitambaa na maji ya moto. Mama alikuwa bado amekiacha kinywa wazi kidogo, akingoja. Koko hakuvumilia kumwona hivyo. Akachukua kipande kitupu, hakina chochote juu yake, akamtia.

Mama akatafuna polepole. Akameza.

"Njo hii," akasema, yaani ndiyo hii. "Papa, njo hii. Minaisikia."

Kifuniko kikafunguka wakati huohuo. Baba akageuka na chupa mkononi, na uso aliokuwa nao sijauona tena kwa binadamu yeyote. Hakuuliza imekuwaje aonje haradali iliyokuwa bado mkononi mwake. Alipaka haradali ile kwa kijiko, mama akala, akasifu, akala tena, na baba alikuwa anacheka huku analia. Koko akanitazama. Nami nikamtazama. Kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti iliyokuwa inamkimbia.

Mama hakuifikia Pasaka. Koko alirudi Bukavu na sasa naye amelala huko, na hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Sijui mama alifikiri ameonja kitu, au alituonea huruma akaamua tupumzike. Nikiwa mdogo nilishika jibu la kwanza. Siku hizi, nikiwa nami nina watoto, nalala na la pili.

Achari ile imepotea. Nimeonja za watu wengi wa Pwani waishio hapa, nzuri tu, lakini siyo. Chumba cha kufulia kule Hallonbergen kina kufuli la umeme, hakuna anayekaa humo kupiga soga. Baba bado anaishi nyumba ileile, amezeeka, mikono inamtetemeka. Kila Krismasi huiweka haradali hiyo katikati ya meza na kuwaambia wajukuu wake habari za mama: "Koko yenu alionja vitu vyote vya dunia, akachagua hii." Wao humuuliza kwa Kiswidi kama inawasha. Hunipakia mimi kwanza, tena nyingi, nami hula yote, namwambia ni tamu.

Mimi siipendi. Siku baba atakapoondoka sitainunua tena, na hatabaki mtu duniani anayeamini kwamba Krismasi ile mama alikula kwa raha.