Kifua cha Jumatatu

Zahanati ya Bunda imepoa tangu Enoka Mafuru aondoke. Wagonjwa bado wanajaa kwenye benchi, watoto bado wanalia, ila ile sauti ya mtu mzima akitaja ng'ombe wake mmoja mmoja nyuma ya pazia haisikiki tena.

Enoka alikuwa dresa, mganga msaidizi wa zahanati, asiye na kipimo cha kusikilizia vifua. Mpira wa kile alichopewa ulipasuka mwaka wa kwanza. Kwa hiyo alibandika sikio lake mgongoni pa mgonjwa na kumwambia ataje majina ya ng'ombe wake, na asiye na ng'ombe ataje mashangazi zake. Pafu zima, alisema, limejaa hewa, na hewa humeza sauti, ikakufikia kama mtu anayenong'ona nje ya ukuta. Pafu lenye kichomi limejaa majimaji, limekuwa gumu kama ini. Hapo jina la ng'ombe linakujia wazi, kana kwamba limetamkwa ndani ya sikio lako. Kwa njia hiyo aliwawahi wenye kichomi kabla hawajachanjwa chale mbavuni, na wengi walipona.

Watu walimwamini. Ndiyo maana neno lake moja lilitosha kumharibia Hamduni jina.

Hamduni alilisha mashine kwenye kinu cha kuchambua pamba, na kabla na baada ya kazi alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa mabati karibu na soko. Msimu wa pamba wa mwaka 1954, Jumatatu tatu mfululizo, alifika zahanati mchana akiwa ameshika kifua, pumzi fupi, kikohozi kikavu. Jumanne alipata nafuu. Kufika Alhamisi alikuwa mzima. Jumapili kinu kilifungwa, na Jumatatu iliyofuata alirudi vilevile.

Enoka alikuwa Msabato. Hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe, na kama wengi wasiokunywa, alikuwa mwepesi wa kuinusa kwa wenzake.

"Hamduni," alimwambia mara ya tatu, benchi zima likisikia, "punguza ile ya Jumapili."

"Ipi hiyo, dresa?"

"Unayoijua."

Benchi likacheka. Kesho yake Kasmiri, karani wa zamu kinuni, alikuwa ameshampa Hamduni jina la Sheikh Mtama, kwa pombe ya mtama. Ijumaa ilipofika, Maalim Salum, imamu wa msikiti, alimwita kando akamwambia kwa upole apumzike kuadhini mpaka maneno yatulie.

Aliyekuja zahanati Jumatatu iliyofuata alikuwa mkewe, Mwanahalima. Hakukaa kwenye benchi.

"Dresa, mume wangu umemvua kanzu mbele za watu."

"Mama, mimi nilitoa ushauri."

"Jumapili anashindaga na mimi shambani, tunapalilia mihogo. Hiyo pombe anainyweaga wapi, kwenye matuta?" Akashusha pumzi. "Miaka tisa anaadhini. Sasa anakaa safu ya nyuma kama mwizi wa viatu. Wewe si unasikilizaga vifua? Chake ulikisikiliza?"

Hakuwa amekisikiliza. Jambo hilo lilimkaa Enoka moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Mamia ya migongo alikuwa ameibandikia sikio, na huu mmoja alikuwa ameuhukumu kwa macho. Jioni hiyohiyo akaenda nyumbani kwa Hamduni, akamwomba avue shati.

Kifua kilikuwa kinapiga filimbi nyembamba kila pumzi ilipotoka.

"Inaanzaga saa ngapi?"

"Asubuhi naingiaga mzima," Hamduni alisema bila kumtazama. "Kinabanaga saa nane, saa tisa."

Enoka akahesabu saa kichwani. Pombe ya Jumapili huvunja kichwa Jumatatu alfajiri. Haingoji saa nane mchana. Siku ya pili akaenda kinuni akasimama penye mashine. Vumbi la pamba lilikuwa jeupe kwenye kenchi za paa, kwenye nyusi, kwenye kope za wanaolisha. Akawauliza wote. Wageni walikohoa Jumatatu tu. Waliodumu miaka mingi walikohoa wiki nzima.

Jumamosi hiyo mkanda wa mashine ukakatika, kinu kikafungwa mpaka Jumatano. Jumapili Enoka akamfuata Kasmiri.

"Bwana karani, kama ni pombe, Hamduni ataumwa kesho Jumatatu. Kama ni vumbi, kesho atakuwa mzima, na ataumwa Jumatano mchana."

"Sasa dresa umekuwa mpiga ramli?"

Jumatatu Hamduni alichimba mihogo akipiga mluzi. Jumatano, saa nane na nusu, Kasmiri mwenyewe ndiye aliyemleta zahanati akimshika kwapa.

"Dresa," alisema, akiwa hana kicheko tena, "Jumatatu yako imefika."

Ijumaa baada ya sala, Enoka alikwenda uani mwa msikiti. Maalim alikuwa amechinja mbuzi wa hitima, na Enoka akaomba koo na mapafu.

"Nyama tunayowapa paka ndiyo unakuja kutufundishia?" aliuliza Maalim Salum.

"Ndiyo hiyo, Maalim."

Akachomeka bua la jani la papai kwenye koo la hewa, akapuliza. Mapafu yakafura, mekundu mepesi, hata mzee mmoja akasogeza kiti nyuma. Enoka akawaonyesha jinsi koo linavyogawanyika mapande mawili, kila pande matawi, kila tawi vijitawi, mpaka kwenye vifuko vidogo ambako damu huchukua hewa njema na kurudisha iliyochakaa. Ndani ya mirija, alisema, mna vinyweleo visivyoonekana vinavyofagia vumbi kwenda juu. Likizidi, mirija hubana. Akafunga tawi moja kwa uzi, akapuliza tena. Upande ule ukainuka kwa shida, ukilia filimbi.

"Mwili ukipumzika mbali na vumbi hulisahau," alisema. "Siku ya kwanza ya kurudi kazini ndiyo unashtuka. Kwa Hamduni siku hiyo ni Jumatatu. Si pombe. Mimi ndiye niliyesema ni pombe, na nilisema mbele za watu, basi mbele za watu nasema nilikosea. Nisamehe, ndugu yangu."

Hamduni akampa mkono. "Ungenibandikia sikio tu, dresa," alisema. "Mashangazi ninao wengi."

Wazee wakacheka, na safari hii Hamduni akacheka nao. Alasiri hiyo aliadhini, akivuta pumzi mahali ambapo zamani hakuhitaji. Kasmiri alimhamishia kwenye mizani ya pamba, nje, kwenye upepo.

Enoka angeweza kuishia hapo. Lakini wapo waliobaki ndani, wanaokohoa wiki nzima, na hao hakuwa na dawa yao. Akawaandikia barua wakubwa wake wa Musoma akiomba madirisha makubwa kinuni na vitambaa vya kufunga puani. Haikujibiwa. Akaandika ya pili, akaandika ya tatu, majina ya wagonjwa kumi na mmoja yakiwa chini yake. Iliyorudi ilikuwa barua ya uhamisho.

Madirisha mawili yalitobolewa msimu uliofuata. Enoka Mafuru sasa ni dresa wa Butiama, kwenye zahanati ya vyumba viwili.