Siku Niliyomganda Mzee Ekal

Nikikutana na mtu wa Kakuma hadi leo naangalia chini kwanza, salamu baadaye, maana sijui kama alikuwepo. Mimi ni mtu wa maabara hapa Lodwar, nimesomea bakteria (mama yangu huambia watu nimesomea uchafu), na nilialikwa Kakuma kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini habari za bakteria wa koo, wale ambao mtoto asipotibiwa mapema wanaweza kumharibia hata moyo. Ningeeleza tu kwa mdomo, yaishe. Lakini msomi mimi nikataka kuigiza, nikajivika gunia lenye matundu, nikapaka vipande vya katoni gundi ya kunasia panya, nikasimama mbele na kutangaza, "Mimi ni bakteria. Protini zangu nazitengeneza ndani, halafu nazisukuma nje na kuzipachika kwenye ngozi yangu, na hizo ndizo zinanishikisha kooni. Nikishindwa kuzitoa, ukimeza mate naenda nayo," huku nikichomoza katoni moja moja kwenye matundu, watu wanacheka, kichwa kinanivimba, hadi nikaona hiyo haitoshi, nikamkumbatia, eti ndiye koo, mgeni wa heshima, Mzee Ekal, mwenye suti aliyoshonewa harusi ya binti yake.

Joto la Kakuma mnalijua. Gundi ilikuwa imeyeyuka, inatiririka.

"Sasa niachilie," mzee akaninong'oneza.

"Siwezi, mzee."

Nikavuta, suti ikavutika nami. Akavuta yeye, nusu ya ndevu zangu ikabaki kwenye kola yake, na tulipoanguka pamoja juu ya meza ya soda hakuna aliyecheka tena, maana mzee ni mzee. Akina mama wa jikoni wakatumwagia mafuta ya kupikia ili gundi iachie, wakatusugua kama sufuria, huku mke wake akiniuliza polepole nilisomea wapi.

Hayo ningeyameza. Lakini wakati wa kufunga, mama mmoja akainua mkono, akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hivyo daktari, mtoto akiumwa na koo tunampa mafuta vijiko vingapi?"

Na wengine wakashika kalamu, wakaningoja.

Sikurudi Lodwar siku hiyo wala iliyofuata. Nilizunguka boma kwa boma nikiwaambia mafuta hayatibu koo, mtoto apelekwe kliniki na dawa azimalize, na kila nilipofika nilipokelewa kwa salamu ile ile ya Kiturkana: "Ejok, bakteria. Leo umekuja bila gundi?"

Siku hizi nafundisha nimekaa kitini, mikono mapajani, na mgeni wa heshima nampungia kutoka mbali.