Rafiki wa Bibi Mnadani

Juzi mnadani Karatu nilimkuta mtalii akimpiga picha bibi wa Kimaasai aliyeleta mbuzi wake kuuza. Kwanza alimvua miwani, eti Mmaasai wa kweli havai miwani. Shikamoo hakutoa. Alibofya weee, kisha akaweka mkono kifuani, machozi yakimlengalenga, akamweleza dereva wake jambo refu kwa Kizungu.

Dereva akatafsiri: "Bibi, mgeni anasema ameiona roho yako. Anasema wewe na yeye sasa ni marafiki."

Kumbe siku hizi mtu anaiona roho yako kabla hajakusalimia! Inatosha awe na kamera kubwa.

Bibi akanyoosha mkono, akapapasa hewani. "Haya, mjukuu wangu. Mwambie anirudishie miwani yangu, na mimi nimwone huyo rafiki."