Maboksi ya Theresia na kifua cha mama yake

Saa kumi na moja alfajiri Theresia Augustine anafagia uwanja wa kwao Njinjo, wilayani Kilwa. Majani anayatia kwenye shimo la mbolea nyuma ya jiko. Chupa zina gunia lake, makopo lake. Jirani yake, Mwanaima, anasimama njiani na ndoo kichwani, haamini macho yake.

"Miaka mitatu Ulaya, kumbe ulikwenda kusomea majalala?" anamtania.

Theresia (34) anacheka. Anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza huko Ujerumani, na mambo haya hakuzaliwa nayo.

Mwaka wa kwanza, majani ya miti yalipopukutika, aliamka mapema akafagia uwanja wa kazini, akakusanya majani, akayatia kiberiti. Ndivyo afanyavyo mwanamke yeyote wa Njinjo aliyelelewa akaleleka. Punde likaja gari la zimamoto na ving'ora vyake, wazee wakatolewa nje na mablanketi mabegani.

"Nilijua leo leo narudishwa Tanzania," anasema. "Nililia mpaka wale wazee wakaanza kunibembeleza mimi."

Tangu hapo alishika adabu. Hachomi kitu, hatupi ovyo. Hata nailoni zinazofungia mashuka mapya kazini alizikunja, akajaza kwenye maboksi ya sabuni na vyombo anayotuma nyumbani ili vikombe visivunjike. Maboksi saba kwa miaka mitatu. Alijisifu kwamba kitu kimoja kakitumia mara mbili.

Safari hii amekuja likizo ya wiki tatu kwa sababu ya kifua cha mama yake, Lusia Klementi, aliyelazwa mara mbili mwaka huu. Mganga wa zahanati aliwauliza jambo moja tu: jikoni mnawashia moto nini?

Jibu linapatikana asubuhi hii. Lusia anachutama mbele ya mafiga, anachomoa nailoni nyeupe gunioni, anaisokota chini ya kuni na kuiwasha. Moshi mweusi unapanda. Kikohozi kinamkamata mpaka anashika ukuta.

Theresia anaingia mbio. "Mama! Unazitoa wapi hizi?"

"Kwenye maboksi yako, mwanangu. Si unaleta wewe?"

Theresia analimwaga lile gunia sakafuni. Anazitambua moja moja, mpaka mikunjo yake mwenyewe. Anakaa chini kwenye majivu, mikono kichwani.

"Yesu wangu! Kule nimeogopa kuchoma jani, huku namchomea mama mapafu!"

Mwandishi wa makala haya naye alikuwa na swali. Mabua makavu yamejaa pembeni, moto ungewaka bila taabu. Kwa nini nailoni?

Lusia anangoja pumzi zirudi. "Mabua yanawaka, nani kasema hayawaki? Ila hizi zina harufu ya sabuni yako. Nikikunjua moja asubuhi naona kama umeamkia hapa."

Theresia anaondoka Jumapili. Nailoni zote zilizobaki anarudi nazo begini, akazitupe kunakohusika. Begi limejaa; korosho za kuwapelekea wenzake wa kazini zitasubiri safari nyingine.

"Wewe washa moto kwa mabua, mama. Nami nitakupigia simu saa hii hii, tuuwashe wote."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Lusia anahesabu kwa vidole. "Mbona kwenu itakuwa bado usiku?"

"Saa tisa, mama. Nitaamka."