Ngozi Ambayo Sikulamba

Mwanangu, kuna siku moja ya hapa kambini Dzaleka sipendi kuikumbuka, na njo ile nataka kukuambia. Nilikuwa kijana, nimetoka Bukavu na diplome yangu ndani ya plastiki, na kazi niliyopata ilikuwa kutengeneza ngozi kwa Papa Eliya, muzee wa Fizi. Diplome na harufu ya ngozi mbichi! Batu bakiniuliza nafanya nini, nilikuwa nadanganya.

Papa Eliya alikuwa analoweka ngozi ya mbuzi katika maji ya majivu mpaka manyoya inatoka. Halafu unaiosha, unabadilisha maji, unaosha tena, kwa sababu majivu ikibaki ndani inachoma. Utajuaje imeisha? Unalamba. Ulimi ukiwasha, unarudi kuosha. Ikiwa safi njo inapakwa mafuta na kufikichwa kwa mikono mpaka inalegea.

Bibi mmoja Murundi wa Mtandire, kule Lilongwe, aliagiza ngozi ya kubebea mujukuu wake mugongoni, kama bazazi bake balivyofanya. Nikatumwa kuiosha pale mjigo, kwenye pampu ya maji. Foleni ilikuwa ndefu, na basichana balikuwa bananiangalia. Mi, na Kifaransa changu, nilambe ngozi mbele yao? Hata kidogo. Nikaosha mara mbili tu, nikarudi. Muzee akaniuliza kama nimelamba. Nikasema ndiyo, na yeye akaniamini.

Ngozi ikapakwa mafuta, bibi akaichukua. Wiki haikuisha, akarudi na yule mujukuu. Jasho na mikojo vililowesha ngozi, majivu ikatoka. Mapaja ya yule mutoto yalikuwa yamechubuka, analia mpaka sauti imekauka. Bibi hakutukana. Aliuliza tu:

"Nani alilamba hii ngozi?"

Papa Eliya akaniangalia. Mi nikaangalia chini. Akasema:

"Njo mi, mama. Unisamehe."

Mutoto alipona, lakini habari ilienea, na hakuna mutu wa Lilongwe aliyeagiza ngozi kwake tena. Fundi mwenye mikono ile akazeekea kwenye vibarua vya kulima mahindi ya bengine. Hakunigombeza. Aliniambia mara moja tu: "Nilikuachia nafasi ya kusema. Ingali pale." Sikuichukua. Siku tulipomuzika nilisimama mbele ya kanisa, nikasema alikuwa muzee mwema, nikakaa. Haya aliyobeba kwa ajili yangu bado iko juu yangu.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kazi ukiionea haya, iache, usiifanye nusu. Na ukikosea, sema siku ile ile, mbele ya yule uliyemuumiza, kabla mwingine hajabeba kosa lako. Mi nilichelewa. Yule mutoto sasa ni mama, anauza mandasi kule Mtandire, na mpaka leo anajua ni Papa Eliya aliyemuchoma. Kesho napanda minibasi nimuambie jina langu.

Mungu akulinde, akupe kusema ukweli ungali kijana.