Ndiva Iliyofunguliwa Jioni

Nakumbuka siku moja ya kiangazi hapa Vudee, mwanangu, enzi za Mwingereza, nikiwa bado mke mgeni katika ukoo huu. Mume wangu alikuwa ameshuka tambarare kukata mkonge, kaniachia mtoto mgongoni na shamba la maharage.

Shamba langu lilikuwa chini kabisa, mwisho wa mfereji. La juu lilikuwa la Nakundwa, mke wa shemeji yangu. Jina hilo kwetu maana yake ni kupendwa, na lilinikera hata kulitamka. Mume wake alikuwa nyumbani. Maharage yake yalinawiri, na maji ya ndiva yalimfikia yeye kwanza. Ndiva unaijua, lile bwawa tunalokusanyia maji ya kijito usiku kucha, asubuhi likazibuliwa yakashuka mashambani kwa zamu. Nikimwona Nakundwa akipalilia huku anaimba, roho iliniuma kweli. Hasidi hana sababu, lakini mimi nilijitafutia: nikasema baba mkwe, mgawa zamu, anampendelea.

Maharage yangu yakatoa maua, na ua la maharage likikosa maji hudondoka. Sikumuuliza mtu. Jioni nikapanda kwenye ndiva nikazibua, nayo haijafika hata nusu. Maji yakateremka kinyonge, mfereji mkavu ukayanywa yote njiani. Kizibo nacho kikanishinda kurudisha, maji ya usiku mzima yakapotea.

Asubuhi mama mkwe akanikuta uani. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Akaniambia ndiva ni tupu. Kisha akasema taratibu, "Zamu ya leo ilikuwa yako. Nakundwa alikuja jana kumwomba baba yenu uanze wewe, maana maharage yako yana maua."

Nikainamisha kichwa. Tope lilikuwa bado kwenye nguo yangu, naye alikwisha kuliona.

"Maji ya ndiva hufika mbali kwa sababu yanangojana kwanza," akasema. "Wewe hukuyangoja, wala hukumuuliza mwenzio."

Maji yakimwagika hayazoleki. Maua yalidondoka yote. Msimu ule mtoto wangu yule wa mgongoni alikula maharage ya Nakundwa, aliyenipimia bila kuniuliza neno. Nisikufiche, nilimwonea wivu hata kwa wema ule. Wivu haushibi, mwanangu. Ukiupa sababu moja, kesho unadai nyingine.

Basi sikia. Ukiona shamba la jirani limelowa na lako kavu, usikae kuyatazama maji yake. Nenda ukabishe hodi, uulize zamu yako ni lini. Huenda aliye juu yako ndiye anayekutetea, nawe hujui. Mungu akujalie mto usiokauka, na moyo wa kumshukuru anayekunywesha.